Mashine ilifuata soketi, waya ukaishia kwenye karotidi: uchambuzi wa kisa cha sentro laini ya shingoni

Kabla ya yote, taarifa za kumtambulisha mgonjwa, wahudumu na hospitali nimeziondoa zote, vitu vidogo vidogo vimebadilishwa ila mpangilio wa matukio haujaguswa. Mi sikuwepo usiku ule. Niliombwa baadaye kuongoza kikao cha kupitia kisa, kwa hiyo nikaongea na kila mmoja kivyake kwanza kabla hatujakaa pamoja, na picha za ultrasaundi zilizohifadhiwa kwenye mashine nikaziangalia mwenyewe. Naandikia nyie mnaoweka hizi laini (mirija inayoingizwa kwenye vena kubwa kupitishia dawa kali) au mnaosimama pembeni zikiwekwa, hivyo mambo ya msingi kabisa nayaruka.

Hali ilivyokuwa

Mgonjwa ni mwanaume aliyevuka miaka 60, ametoka thieta kwa maambukizi ya tumbo, yuko ICU ana tyubu ya kupumulia na anapumuliwa na mashine. Presha inashikiliwa na noradrenalini inayopita kwenye kanula ya mkononi, dozi inapanda kila baada ya muda, timu inataka kuongeza dawa nyingine ya presha, vasopresini, na mikono yote miwili imevimba hakuna pa kuchoma tena. Hitaji la sentro laini hakuna aliyelibishia, hata kikaoni hakuna. INR (kipimo cha ugandaji wa damu) 1.6, chembe sahani 90 elfu, yaani si nzuri lakini si za kukuzuia ukiwa na ultrasaundi.

Wakachagua jugula ya ndani ya kulia, vena kubwa ya shingoni, chaguo la kawaida, njia yake kuelekea moyoni imenyooka na ule mrija mkubwa wa limfu uko kushoto. Mwekaji alikuwa rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, ambaye alishaweka laini nyingi tu, mkono wake unaaminika pale wodini, na hili nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kisa kama hiki cha kwanza wanachouliza ni "alikuwa nani huyo?" Daktari bingwa wa zamu alikuwa jengo hilohilo na mgonjwa mwingine, anapatikana kwa simu.

Sasa chumba, hapa ndipo kisa kilipo hivyo nivumilieni. Kitanda kiko kwenye kona. Ventileta, yaani mashine ya kupumulia, imekaa kulia kwa mgonjwa usawa wa bega, na mipira yake inapita upande huohuo wa kulia kuelekea mdomoni. Pampu za dawa ziko kushoto kwenye stendi mbili. Soketi iliyokuwa wazi ni moja, iko ukutani kwa kichwani, upande wa kushoto. Na mashine ya ultrasaundi betri yake ilikuwa imechoka, kila mtu pale anajua imechoka, wameshazoea.

Kilichotokea

Rezidenti alianza vizuri. Aliscan shingo kabla ya kuvaa, mashine ikiwa kulia kwa mgonjwa usawa wa nyonga, skrini inamtazama yeye aliyesimama kichwani. Vena kubwa, inabonyea vizuri ukikandamiza kidogo, karotidi, ateri ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, iko ndani zaidi na upande wa katikati ya shingo, haibonyei. Picha hiyo ipo, nimeiona, ni picha nzuri tu ambayo yeyote angesema hapa dakika kumi tumemaliza.

Akaenda kunawa, akavaa gauni na glavu, akapaka klorheksidini, akatandika shuka kubwa. Wakati anatandika mashine ikaanza kulia ile alamu ya betri. Intani, daktari aliye kwenye mafunzo, aliyekuwa anasaidia akafanya jambo la maana kabisa kwa mtazamo wake, akaisukuma mashine mpaka kwenye soketi, ambayo ndo ile ya kichwani kushoto, akaichomeka. Kwa hiyo mashine sasa iko nyuma kidogo ya bega la kushoto la rezidenti. Hakuna aliyesema kitu. Rezidenti alipoinua kichwa akaikuta huko, na kwa kuwa alishakuwa steraili na presha ya mgonjwa inasumbua, akaona aende nayo hivyohivyo.

Mambo mawili mengine yalikuwa yameshatokea kimyakimya. La kwanza, ili kukwepa mipira ya ventileta, kichwa cha mgonjwa kilikuwa kimegeuzwa sana kushoto, karibu kidevu kiguse bega. La pili, kitanda kilikuwa chini kwa sababu muda mfupi kabla manesi walikuwa wamemgeuza mgonjwa, na rezidenti ni mrefu. Kwa hiyo mfikirie mtu aliyeinama, amesogea kushoto kukwepa ventileta, mikono yake iko mbele kulia, uso wake uko nyuma kushoto.

Jaribio la kwanza, mkato wa kukingama (picha inayoukata mshipa kwa upana), probu ya ultrasaundi mkono wa kushoto na sindano mkono wa kulia. Akachoma, hakuona ncha. Akaenda mbele, akavuta, hakuna kitu, akaanza kurudi taratibu huku anavuta na damu ikaingia kwenye bomba wakati anarudi. Mnaojua mnajua maana yake, sindano ilikuwa imepita ukuta wa mbele na wa nyuma wa vena, ikaonja damu njiani wakati wa kutoka. Alipochomoa bomba ili aingize waya wa kuongoza katheta, damu ikawa imeshakata.

Sista aliyekuwa anasoma cheklisti akamwambia, "Dokta, shingo yako itauma hivyo, tuisogeze mashine?" Rezidenti akajibu, "Hapana Sista, nakaribia." Jibu lile tulilijadili kwa muda mrefu kikaoni, nitarudi kwake.

Jaribio la pili. Safari hii tishu zilionekana zikisukumwa chini kwenye skrini, akahisi ule mchomoko wa kuingia, akavuta damu ikaja kwa urahisi. Rangi yake nyeusi kiasi, hairuki. Waya ukaingia bila ukinzani hata kidogo, monita ya moyo imetulia. Kwa vigezo vyote vya zamani alikuwa ameshaingia kwenye vena.

Cheklisti yao ina mstari unaosema kabla ya daileta (kipanua tundu kinachopita juu ya waya) waya uonekane ndani ya vena kwa mikato miwili, wa kukingama na wa urefu (unaofuata mshipa). Akaweka probu kwa kukingama, ile nukta inayong'aa ikaonekana katikati ya vena, akanyoosha mkono apewe daileta. Sista hakumpa. "Wa urefu bado, Dokta." Rezidenti alinikiri kwamba aliudhika. Akageuza probu, na waya ukaonekana waziwazi unaingia ukuta wa mbele wa vena, unapita katikati, unatoka ukuta wa nyuma na kuzama kwenye karotidi. Alipoirudisha probu kwenye kukingama na kuishusha kuelekea mfupa wa kola, ile nukta ikahama kutoka kwenye vena ikaenda kwenye ateri mbele ya macho ya wote.

Uamuzi baada ya hapo, na sababu zake

Kwanza, daileta haikuguswa. Huu ndio uamuzi uliookoa kisa kizima. Tundu la sindano kwenye karotidi kwa kawaida unalibana na linaziba, ila ukishapitisha daileta na katheta nene umeingia kwenye habari nyingine kabisa, hapo huchomoi, unaiacha mahali pake na unaita daktari wa upasuaji wa mishipa, kwa sababu kuchomoa na kukandamiza kunaweza kuleta damu isiyokata au kiharusi.

Waya ukatolewa, wakabana kwa vidole dakika 10 kwa saa, kwa kiasi cha kuzuia damu isitoke bila kuziba karotidi yote, upande mmoja tu. Bingwa akaitwa, akafika wakati bado wanabana.

Alichofanya bingwa kwanza kiliwashangaza baadhi ya watu: hakuvaa glavu. Alisimama mlangoni akaangalia chumba. Halafu akauliza swali moja, "Ulikuwa unaangalia wapi?" Rezidenti akaonyesha kwa kidole nyuma ya bega lake. Bingwa akasema, "Basi tuanze na hapo."

Sehemu ya kuchoma ilikuwa na machaguo matatu mezani. Jugula ya kushoto aliikataa, kwa sababu shingo ya kulia ina tundu la ateri na damu ya mgonjwa haigandi vizuri sana, ukiharibu na kushoto unaweza kuishia na damu iliyovilia pande zote mbili za shingo. Ana tyubu, sawa, njia ya hewa iko salama kwa leo, lakini kuna siku atatakiwa kutolewa tyubu, na uvimbe wa pande zote mbili unaweza kumbana koo. Vena ya paja ilikuwa chaguo halali na ndiyo ilikuwa akiba. Chaguo la tatu ni kurudi kulia palepale, na hilo lilitegemea scan. Bingwa akascan mwenyewe, akakuta damu kidogo imevilia pembeni ya ateri, haijaisukuma vena, vena bado pana na inabonyea. Akaamua kulia, chini kidogo ya matundu ya mwanzo.

Nani achome? Bingwa akaamua rezidenti yuleyule achome, yeye asimame ubavuni, jaribio moja tu, likishindikana bingwa anachukua na wanaenda pajani. Noradrenalini ya mkononi ilikuwa inashika kwa wakati huo kwa hiyo dakika kadhaa zilikuwepo. Kikaoni kuna daktari mmoja wa usingizi aliupinga uamuzi huu kwa nguvu, akisema mgonjwa aliyeshatobolewa karotidi si mahali pa kufundishia. Namwelewa. Mi naegemea kwa bingwa, lakini kwa sababu tu masharti yaliwekwa wazi kabla ya sindano kushikwa. Bila masharti yale ningekuwa upande wa yule wa usingizi.

Chumba kilivyopangwa upya

Haikuchukua muda, na ndicho kinachouma ukikifikiria. Ekstensheni ililetwa kutoka kitanda cha jirani. Mashine ikarudishwa kulia usawa wa nyonga, skrini imeinuliwa na kugeuzwa imtazame mtu aliyeko kichwani. Mipira ya ventileta ikapitishwa upande wa kushoto kwa msaada wa sista wa pili aliyeshika tyubu muda wote isije ikachomoka, kisha ventileta yenyewe ikarudishwa nyuma nafasi ya mtu mmoja, rezidenti akaweza kusimama kichwani katikati. Kichwa cha mgonjwa kikarudishwa karibu na katikati, kimegeuka kidogo tu, chini ya digrii 30. Kitanda kikapandishwa mpaka shingo ya mgonjwa ikawa karibu usawa wa kiwiko cha mwekaji, na kikainamishwa kichwa chini digrii kama 15 ili vena ijae na hewa isije ikavutwa ndani. Kina cha skrini kilikuwa 6, kikapunguzwa mpaka sentimita 3, kwa sababu vena iko sentimita moja na kitu chini ya ngozi na hakuna sababu ya kuiangalia ikiwa imebanwa kwenye robo ya juu ya skrini.

Ngozi ikapakwa upya, shuka mpya, gauni na glavu mpya, kava mpya ya probu. Usafi haukurukwa kwa sababu ya haraka, pongezi kwao.

Kisha bingwa akamfanyisha rezidenti kitu ambacho mi sikuwahi kukiona kimeandikwa kwenye cheklisti yoyote pale: akamwambia shika probu na sindano yenye kifuniko kana kwamba unachoma, halafu bila kusogeza kichwa, macho tu, niambie unaona mkono na skrini? Akajibu ndiyo. "Haya, choma."

Matokeo

Iliingia mara moja. Ncha ilionekana kama nukta juu ya vena, akawa anasogeza probu kidogo mbele, anaipoteza nukta, anasukuma sindano mpaka inarudi, hivyohivyo mpaka ikawa ndani katikati ya vena, haikugusa ukuta wa nyuma. Waya ukaangaliwa kwa mikato miwili, safari hii akaanza na wa urefu mwenyewe. Daileta, katheta, ikaachwa kwenye sentimita 15. Laini ikaunganishwa na kipima presha, ikaonyesha wimbi la vena. Eksirei ikaonyesha ncha iko mahali pake na hakuna hewa kifuani.

Shingo ilifuatiliwa kila saa, uvimbe haukukua. Doppler (ultrasaundi ya mtiririko wa damu) ya karotidi kesho yake haikuonyesha tatizo. Mgonjwa alipunguziwa dawa za presha siku zilizofuata, akatolewa tyubu bila shida ya koo, na hakuwa na dalili yoyote ya kiharusi. Familia iliambiwa kilichotokea, na bingwa mwenyewe, asubuhi ileile.

Uchambuzi: kwa nini karotidi

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa wodini, kabla ya kikao, yalikuwa mawili. Moja, "mkono wake leo haukuwa sawa." Mbili, "mgonjwa ana shingo ngumu." Ya pili inafutwa na ile picha ya mwanzo, vena ilikuwa nzuri. Ya kwanza inafutwa kiasi na jaribio la tatu, mkono uleule, sindano ya aina ileile, vena ileile. Sisemi inafutwa kabisa, maana kati ya jaribio la pili na la tatu vilibadilika vitu vingi kwa pamoja, mashine, kichwa, kitanda, kina cha skrini na bingwa kusimama pembeni, na kisa kimoja hakiwezi kukutenganishia kipi kilichangia kiasi gani. Ila nina hoja ya kwa nini mashine naiweka juu ya vingine.

Mbinu ya kuingiza katheta juu ya waya aliieleza daktari Seldinger mwaka 1953, na kwa miaka mingi watu waliweka laini za shingo kwa alama za mwili, misuli, mfupa wa kola, mapigo ya karotidi chini ya vidole. Kwenye mbinu ile macho yako na mikono yako viko mahali pamoja, hakuna pengine pa kuangalia. Ultrasaundi ilipokuja, na ikapendekezwa rasmi (Uingereza NICE, taasisi ya miongozo ya afya, walishaisema kwa jugula mwaka 2002), ilileta faida kubwa na ikaleta pia mahali pa pili pa kuangalia. Vyumba vyetu, cheklisti zetu na mazoea yetu mengi bado ni ya mahali pamoja. Tunapanga shuka, tunapanga troli, tunapanga sindano, mashine tunaiweka panapobaki.

Sasa angalia mwili wa mtu aliyegeuza shingo kushoto karibu robo mduara. Shingo ikigeuka mabega yanafuata, hata kama hutaki. Mabega yakizunguka kushoto mkono wa kulia unaoshika sindano unazunguka nao, na ncha inaanza kuelekea kushoto kwa mwekaji. Ukiwa umesimama kichwani kwa mgonjwa, kushoto kwako ni kushoto kwake pia, na kwenye shingo ya kulia kushoto ni kuelekea katikati, na katikati kuna nini? Karotidi. Yaani mkao ule haukumpotezea tu shabaha hivihivi, ulimsukuma kuelekea palepale tusipopataka. Kwenye picha zilizohifadhiwa za jaribio la pili vena haiko tena katikati ya skrini, imehamia pembeni, maana yake na probu nayo ilikuwa inateleza wakati anageuka.

Juu ya hapo weka kichwa cha mgonjwa kilichogeuzwa kupita kiasi. Kadiri unavyogeuza, ndivyo jugula inavyolala juu ya karotidi badala ya kukaa pembeni yake. Hivyo sindano inayopitiliza ukuta wa nyuma, ambayo kwa kichwa kilichonyooka ingeishia kwenye misuli na kukupa usumbufu tu, hapa inakuta ateri imeisubiri chini. Kupitiliza peke yake hakutoshi, kugeuza kichwa peke yake hakutoshi, vikikutana ndo hivi.

Halafu muda. Skrini ikiwa nyuma ya bega unaangalia skrini, unarudi kuangalia mkono, unarudi skrini, na kila safari sindano inasogea kidogo bila kuonwa. Ni kama kutia uzi kwenye sindano huku mtu anakuongelesha kutoka nyuma. Mashine ikiwa mbele yako kwenye mstari mmoja na sindano, shingo inatulia na macho tu ndiyo yanapanda na kushuka. Kwenye mkato wa kukingama hii ni kubwa zaidi, kwa sababu ile nukta unayoiona inaweza kuwa ncha au inaweza kuwa sehemu yoyote ya mwili wa sindano, na njia pekee ya kujua ni kuifuatilia bila kukatiza. Aliyekatizwa anaona nukta ndani ya vena anafurahi, kumbe ncha iko mbele imeshatoka.

Nini kilifanya kazi

Mikato miwili, nimeshasema. Lakini niongeze, angalieni vile vigezo vingine vyote vilivyodanganya. Damu haikuruka, kwa sababu mgonjwa yuko kwenye shoki na presha iko chini na sindano ni nyembamba. Rangi haikuwa nyekundu angavu, mgonjwa huyu oksijeni yake haikuwa nzuri. Waya uliteleza bila ukinzani, ndiyo, ateri nayo ni bomba. Mtu anayetegemea rangi na mruko kwa mgonjwa wa shoki anategemea vitu viwili ambavyo shoki yenyewe ndiyo inaviharibu.

Na sista. Kwenye wodi nyingi anayesoma cheklisti anasoma ili karatasi ijae. Huyu alishika daileta mkononi akakataa kuitoa, kwa rezidenti aliyeudhika, saa za usiku, mgonjwa presha inashuka. Nilimuuliza alipata wapi ujasiri, akasema walishaambiwa na mkuu wa wodi kwamba daileta haitoki mpaka mikato miwili, na kwamba akigombezwa kwa hilo mkuu atasimama naye. Kwa hiyo si suala la tabia yake tu, kuna mtu alimjengea ukuta wa kuegemea mapema.

Ila sista huyohuyo alipopendekeza mashine isogezwe aliambiwa hapana na akanyamaza. Tofauti ni nini? Mikato miwili ilikuwa kwenye cheklisti, mashine haikuwepo. Alikuwa na haki ya kusimamisha kwa jambo moja na kwa lingine alikuwa na maoni tu.

Nini kilifeli

Betri, wazi. Kifaa kibovu ambacho kila mtu amekizoea ni hatari kuliko kilichokufa kabisa, kilichokufa kingepelekwa kwa fundi.

Kuhamisha mashine baada ya mwekaji kuvaa. Scan ya kwanza ilifanyika mashine ikiwa mahali sahihi, na rezidenti akabaki na imani ya scan ile wakati chumba kilishabadilika. Mi nadhani mashine ikihama baada ya shuka kutandikwa ichukuliwe kama mgonjwa amehama, scan upya kwa mkao mpya kabla ya kuchoma, pamoja na kugusa ukingo mmoja wa probu kuhakikisha kushoto kwa skrini ndiko kushoto kwako. Hilo la ukingo usiku ule lilikuwa sawa, bahati.

Lile jibu la "nakaribia". Rezidenti alieleza kwa uwazi kwamba kusogeza mashine kulimaanisha kumsumbua intani, kuhatarisha usteraili, kupoteza dakika, na kwamba baada ya damu kuonekana mara moja alihisi yuko karibu. Hakuna uzembe hapo. Ukishakuwa na gauni mwilini na sindano mkononi kila badiliko la chumba linaonekana ghali, kwa hiyo mpangilio wa chumba hauwezi kuachwa uamuliwe na mtu aliyeko katika hali ile. Tulikubaliana pia kwamba jaribio lililofeli kwa kutoiona ncha lisifuatwe na lingine bila kubadilisha kitu, kitu chochote kinachoonekana, mashine, kitanda, kichwa au mtu.

Walichobadilisha

Kwenye cheklisti umeongezwa mstari mmoja kabla ya kuvaa: skrini, sindano na macho viko kwenye mstari mmoja, mwekaji aonyeshe kwa mikono. Mstari huu nao una nguvu ileile ya daileta, sista haruhusu kopo la dawa ya ganzi kufunguliwa mpaka uonekane. Ekstensheni ndefu imefungwa kwenye troli ya laini kwa kamba, haiondoki. Betri ilibadilishwa, baada ya barua kadhaa.

Waliniuliza kuhusu sehemu nyingine za kuweka laini, na kanuni inabaki ileile ila mashine inahama. Paja la kulia unasimama kulia kwa mgonjwa na mashine inakaa ng'ambo ya kitanda, kushoto kwake, skrini inakutazama juu ya mwili wake. Vena ya chini ya kola vivyohivyo, unasimama ubavuni upande wa vena, mashine ng'ambo. Jugula ya kushoto unabaki kichwani na mashine inashuka kushoto kwa mgonjwa. Wasiotumia mkono wa kulia wajaribu mkao wao kwenye modeli kwanza.

Kitanda kile cha kona bado kinasumbua. Kuna aina moja ya ventileta pale ambayo haiwezi kurudi nyuma hata kidogo kwa sababu ya bomba la oksijeni ukutani, na ukisimama kichwani huwezi kuweka mashine popote isipokuwa nyuma yako. Kwa sasa wamekubaliana kwamba mgonjwa wa kitanda hicho akihitaji sentro laini wanaanza kwa kukivuta kitanda chote nje ya kona kabla hata ya kufungua seti, na isipowezekana wanaenda pajani.